Ndivyo Alivyo?

Msomaji wetu mmoja, mzazi wa watoto watano, ametuletea barua ambayo imekaa mezani petu majuma matatu, tukiisoma na kuirudia. Binti yake wa kwanza amehitimu uhasibu, tena kwa alama nzuri. Aliomba kazi katika kampuni moja, akafanya mtihani wa hesabu akaushinda, kisha akapewa karatasi ya maswali mengi yasiyohusu hesabu wala sheria za kodi. Aliulizwa kama katika karamu hupenda kuzungumza na wengi au na wachache; kama hufikiri kabla ya kusema au husema ili apate kufikiri; kama wenzake humwona mpole au mchangamfu. Akajibu kweli, maana ndivyo alivyolelewa. Baada ya juma moja akaambiwa kwamba hesabu zake ni safi, lakini hulka yake ni ya watu wanaoishi ndani ya nafsi zao, na kampuni yatafuta watu wa kufanya kazi kwa pamoja. "Padre Mhariri," aandika mzazi huyo, "je, ni kweli kwamba watu wameumbwa mafungu mafungu, na fungu la mwanangu halina kazi?"

Swali hili halikufaa kujibiwa kwa mistari mitatu katika ukurasa wa barua. Ni swali la haki, kwa kuwa riziki ya mtu imo ndani yake; tena ni swali la ukweli, kwa kuwa aliyesema "hulka yake ni hii" amedai kumjua mwanadamu. Nasi tusio na karatasi za maswali twadai ujuzi huo kila siku. Nyumbani twasema: "Mwacheni, yule ni mkali, ndivyo alivyo." Kazini twasema: "Huyu ni mkimya, msimtie katika kamati." Na neno hilo fupi, ndivyo alivyo, hutoka vinywani mwetu kama hukumu isiyo na rufani.

Jambo lenyewe si geni. Waganga wa Wayunani, wale waliofuata mafundisho yanayotajwa kwa jina la Hippocrates, waliamini kwamba ndani ya mwili wa mtu mna maji ya namna nne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Galen wa Pergamon, tabibu wa karne ya pili baada ya Kristo, aliyaendeleza mafundisho hayo, na kwa karne nyingi baada yake ikasemwa kwamba aliyezidiwa na damu ni mchangamfu, wa nyongo ya manjano ni mtu wa hasira na haraka, wa nyongo nyeusi ni mtu wa huzuni na mawazo, na wa kohozi ni mtulivu hata kukaribia uvivu. Elimu hiyo ilipita kwa Waarabu ikafika hata pwani yetu. Maneno balghamu na safura ni masalio yake katika lugha yetu, ingawa leo asemaye safura ataja ugonjwa wa kupungukiwa damu, wala hana habari na nyongo ya Galen. Matabibu wa siku hizi wameyaacha maji yale manne, lakini mafungu manne ya watu hayakuachwa upesi. Vitabu vya malezi ya kiroho viliendelea kuyatumia hata katika karne iliyopita, nasi tulipokuwa seminari kuu tulikikuta kimoja katika maktaba, tukakisoma usiku huku tukicheka, kila mmoja akimtia mwenzake katika fungu lake. Hapana hata mmoja aliyelikubali fungu alilotiwa.

Mwaka 1921 tabibu wa Uswisi, Carl Gustav Jung, alitoa kitabu kikubwa juu ya aina za nafsi. Ndiye aliyeeneza mgawanyo wa watu ambao nguvu zao huelekea nje, kwa wenzao na kwa mambo ya ulimwengu, na wale ambao nguvu zao huelekea ndani. Huko Marekani mama mmoja, Katharine Briggs, alikisoma kitabu hicho kwa shauku, na binti yake, Isabel Briggs Myers, akaiendeleza kazi. Wote wawili hawakusomea elimu ya nafsi chuoni. Isabel alikuwa amesomea mambo ya siasa, tena aliwahi kutunga hadithi ya upelelezi iliyomletea tuzo. Vita Kuu ya Pili ilipowaingiza wanawake wengi katika viwanda na maofisi, aliona vema kutunga maswali yatakayomsaidia kila mmoja kujitambua na kuipata kazi itakayomfaa. Nia hiyo ilikuwa njema, wala hatupendi kumdhihaki. Maswali yake yalichapishwa mwaka 1962, na baada ya mwaka 1975, yalipochukuliwa na mchapishaji mwingine, yakaenea mno. Anayeyajibu hupewa herufi nne, na mafungu yapatikanayo kwa herufi hizo ni 16.

Yafaa kila mzazi mwenye kijana anayetafuta kazi ajue kwamba watu wengi wakijibu maswali hayo tena baada ya majuma machache hupata fungu jingine. Sababu yake si ngumu. Watu walio wengi hawako mwisho wa kulia wala mwisho wa kushoto, wako katikati. Na maswali haya hupiga mstari hapo hapo katikati, hata aliyesimama karibu na mstari husukumwa leo huku na kesho kule. Ni kama kuwagawa watu wa kijiji kuwa warefu na wafupi tu, pasipo kumwachia nafasi mtu wa kimo cha kadiri. Tena yafaa ajue jambo zito zaidi: wenyewe wanaoyasimamia maswali ya Myers na Briggs wametangaza kwamba si haki kuyatumia katika kuchagua waombaji wa kazi. Barua ya msomaji wetu haikutaja jina la karatasi aliyopewa binti yake. Kama ni ya ukoo huo, basi kampuni ile imetumia chombo kinyume cha agizo la wenye chombo.

Je, twasema kwamba hulka hakuna? Hata kidogo. Mama aliyelea watoto watano atatucheka tukisema hivyo, maana amemwona mmoja akimkimbilia kila mgeni na mwingine akijificha nyuma ya kanga yake, na wote walinyonya ziwa moja. Wataalamu wa leo nao wanaikubali hulka, ila wanaipima kwa kadiri, kama tupimavyo joto, badala ya kuikata mafungu. Mwaka 1991 Wamarekani wawili, Murray Barrick na Michael Mount, walikusanya uchunguzi mwingi uliokwisha kufanywa na wengine, wakauliza ni hulka ipi inayoandamana na kazi iliyofanywa vema. Waliona kwamba uchangamfu huwafaa wauzaji na wasimamizi wa watu; haki yake tuipe. Lakini hulka iliyofaa katika kazi za kila namna ilikuwa ile ya uangalifu na uaminifu kwa kazi: mtu anayemaliza alichokianza, anayefika saa aliyoahidi, anayehesabu mara ya pili hata kama hakuna amwonaye. Hata hiyo ilikuwa na uzito wa kadiri tu, wala haitoshi kumtabiri mtu mmoja mmoja. Walakini twauliza: mhasibu atatafutwa kwa lipi, ikiwa si kwa hilo?

Watajibu kwamba wanatafuta kikundi kizuri, si mtu mmoja. Vema. Mwingereza Meredith Belbin alitumia miaka mingi katika chuo cha wasimamizi huko Henley akitazama vikundi vikishindana katika michezo ya biashara. Aliandika mwaka 1981 kwamba vikundi vilivyokusanya watu wa akili kali kuliko wote aghalabu havikushinda. Kila mmoja alishughulika kutafuta ufa katika hoja ya mwenzake, na kazi ndogo ndogo zikakosa mwenyewe. Kikundi kilichofanikiwa kilikuwa na watu mbalimbali, akiwamo na yule asiyesikika sana lakini anayekagua mambo ya mwisho na kuona lililosahauliwa. Wahenga wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Nasi twaongeza kwamba mkono wa vidole gumba vitano hauwezi kushika jembe. Kampuni inayowakataa wakimya kwa jina la ushirikiano yautafuta mkono huo.

Lakini hilo si jambo hasa lililotufanya tushike kalamu. Tunataka kuuliza kama hulka tunayoiona kwa mtu kazini ni yake mwenyewe, au ni ya chumba tulichomweka. Tutaeleza kwa matukio mawili, moja kubwa ambalo ulimwengu walijua, na moja dogo ambalo ni letu.

Tarehe 27 Machi 1977 ndege mbili za Boeing 747, moja ya KLM ya Uholanzi na moja ya Pan Am ya Marekani, zilikuwa katika uwanja mdogo wa Los Rodeos, katika kisiwa cha Tenerife. Hazikupasa kuwapo hapo. Bomu lilikuwa limelipuka katika uwanja wa kisiwa jirani cha Gran Canaria, ndipo zikaelekezwa huko. Alasiri ukungu ulishuka. Ndege ya Pan Am ilikuwa ingali inatembea juu ya njia ile ile ya kurukia ambayo mwishoni mwake ilisimama ile ya KLM, na hakuna aliyemwona mwenzake. Rubani mkuu wa KLM alikuwa mtu wa sifa, mkufunzi wa marubani wa ndege za aina hiyo, na picha yake ilitumika katika matangazo ya shirika. Rubani msaidizi aliyeketi kando yake alikuwa amepimwa na huyo huyo, si muda mrefu kabla ya hapo, alipopewa idhini ya kuendesha 747. Mkuu aliposukuma mitambo mara ya kwanza, msaidizi alimwambia kwamba ruhusa ya mnara haijatolewa. Mkuu akasita, akamwagiza aiombe. Punde kidogo, msaidizi akiwa angali anarudia maagizo ya mnara redioni, mkuu akaianza safari. Na mara hii msaidizi hakumzuia. Nyuma yao aliketi mhandisi wa ndege. Alikuwa ameisikia sauti ya Pan Am redioni, akauliza kama ndege ile imekwisha kutoka njiani. Mkuu akajibu kwa mkazo kwamba ndiyo. Mhandisi akanyamaza. Sekunde chache baadaye ndege zikagongana, na watu 583 wakafa.

Sababu zilikuwa nyingi: ukungu, uwanja mdogo, haraka ya kuondoka, mawasiliano ya redio yaliyoingiliana. Hatuna haki ya kumtwisha mtu mmoja mzigo wote, hasa mtu aliyekufa pamoja na abiria wake. Walakini tumemfikiri sana mhandisi yule. Je, alikuwa mkimya kwa hulka? Kama angalipewa karatasi ya maswali, sijui herufi zake zingalikuwa nini, wala hazina maana hapa. Aliuliza swali lililo sahihi, kwa wakati uliofaa, katika chumba cha watu watatu. Aliliuliza kama mdogo amuulizavyo mkubwa, kwa namna ya swali, si kwa namna ya kusema "simama." Akajibiwa kama wakubwa wajibuvyo. Elimu ambayo ingaliwaokoa watu wote wale ilikuwa imo ndani ya chumba kile, imekwisha kutamkwa, na haikuwa na nguvu.

Sisi tuliolelewa kuwaheshimu wakubwa twaielewa hali hiyo kuliko wengi. Heshima ni mali yetu, wala hatutaki iuzwe. Lakini ni nani kati yetu ambaye hajawahi kuona kosa la mkubwa wake, akaligeuza kuwa swali la adabu, na alipojibiwa kwa mkato akashukuru kwa kichwa na kurudi mezani pake?

Baada ya ajali hiyo, na nyingine za namna yake, mwaka 1979 shirika la NASA la Marekani liliwakutanisha wataalamu wa urubani, na mwaka 1981 shirika la United likaanza mafundisho mapya kwa marubani wake. Hapa pana jambo la kuangaliwa. Mwanzoni mafundisho hayo yalichimba sana hulka na mtindo wa kila rubani, na marubani wengi walinung'unika. Waliona kwamba wanataka kugeuzwa mioyo. Ndipo baadaye mafundisho yakaelekea kwenye vitendo: nani aseme nini, wakati gani, kwa maneno gani, mdogo akiona hatari afanyeje asiposikilizwa mara ya kwanza, mkubwa akiulizwa ajibu vipi. Mkali hakuambiwa abadili damu yake, wala mpole hakuambiwa awe simba. Waliwekewa utaratibu ambao kila mmoja, kwa hulka yake, angeweza kuushika.

Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya United namba 232, aina ya DC-10, ilipasukiwa na mtambo wa mkiani angani, na nguvu zote za kuyaongoza mabawa zikapotea. Rubani mkuu, Al Haynes, hakuwa amefundishwa jambo la namna hiyo, maana hapakuwa na aliyefikiri kwamba laweza kutokea. Miongoni mwa abiria alikuwamo mkufunzi wa marubani, Dennis Fitch, aliyekuwa nje ya zamu. Haynes akamwita, akampa kushika vishikio vya mitambo, wakaishusha ndege wote wanne kwa kushauriana hata Sioux City. Ilianguka na kuvunjika, lakini kati ya watu 296 waliokuwamo 184 walipona. Haynes hakuchoka kusema katika miaka yake iliyofuata kwamba kama wangalitegemea akili ya rubani mkuu peke yake wasingalifika.

Habari hii si ya angani tu. Amy Edmondson, mtaalamu wa Marekani, alipochunguza wauguzi wa hospitali alishangaa kuona kwamba vikundi vilivyosimamiwa vema vilikuwa na makosa mengi ya dawa yaliyoandikwa kuliko vilivyosimamiwa vibaya. Alitoa uchunguzi huo mwaka 1996, na maelezo yake yalikuwa haya: vikundi vile vizuri havikukosea zaidi, ila viliyasema makosa yao. Katika wodi nyingine muuguzi aliyekosea aliogopa na kunyamaza. Mgeni akipita katika wodi hiyo atasema: hapa pana wauguzi wapole na wakimya, tena hawakosei.

Sasa tuje kwetu. Katika chumba chetu cha habari yumo kijana mpangaji wa kurasa. Tulimpokea miaka minne iliyopita, na tangu mwanzo tulimjua kuwa mkimya. Katika kikao cha Jumatatu aliketi karibu na mlango, akaandika, akaitikia, akatoka. Tulimsifu kwa wageni: kijana mtulivu, hana maneno. Mwaka juzi tulichapisha tangazo la usaili wa wasichana wanaoingia kidato cha kwanza katika shule moja ya masista. Karatasi iliyotoka shuleni ilisema Jumamosi tarehe 14. Mkono wetu wenyewe, tulipolinakili usiku, uliandika Jumamosi tarehe 15. Jumatatu iliyofuata alifika mlangoni mzee mmoja na binti yake. Walikuwa wamesafiri kwa basi siku mbili, wakaifuata tarehe, si siku. Jumapili walikuta lango limefungwa na usaili umekwisha jana yake. Hakuja kugombana. Alilikunjua gazeti polepole, akaweka kidole juu ya mstari ule, akatutazama.

Mkuu wa shule alikubali kumsaili binti huyo peke yake, Mungu ambariki. Lakini wengine watatu hatukupata habari zao mpaka walipokwisha kurudi makwao, na nafasi zilikuwa zimejaa.

Tulimwita yule mpangaji wa kurasa, tukamwuliza kama hakuliona kosa. Akasema aliliona. Tukamwuliza, kwa sauti ambayo leo twaionea haya, mbona hakusema. Akatazama chini kidogo, kisha akasema: "Padre, juma lililotangulia nilisema kwamba picha ya ukurasa wa mbele si ya parokia iliyoandikwa chini yake. Mkaniambia nishughulike na kurasa zangu. Nikaona tarehe nayo si ya kurasa zangu."

Tulikuwa hatukumbuki neno hilo. Tulilitafuta gazeti la juma lile. Picha kweli haikuwa ya parokia ile.

Miezi michache baadaye tulialikwa katika harusi ya mmoja wa wafanyakazi wetu. Mshereheshaji alikuwa ni yeye. Alisimama mbele ya watu mia tatu, akawapanga wazee wa pande mbili, akawachekesha kina mama hata wakashika mbavu, akamnyamazisha mlevi mmoja kwa neno moja la heshima. Sisi tuliketi meza ya mbele na soda yetu mkononi, tukamtazama mtu ambaye kwa miaka miwili tulimwita mkimya. Ukimya ule ulikuwa wa nani? Kama wangalimpa karatasi ya maswali ofisini kwetu, na akajibu kwa uaminifu juu ya jinsi alivyo kazini, karatasi ingaliandika mtu anayeishi ndani ya nafsi yake. Ingalikuwa imechora picha yetu sisi, na kuitia jina lake.

Kuna upande wa pili, nao hatuwezi kuupita. Mkubwa wa kazi naye hujificha nyuma ya hulka: "Mimi ni mkali, ndivyo nilivyo, mnizoee." Nasi tumekwisha kulisema neno hilo, tena kwa fahari. Aristotle alifundisha kwamba jiwe, ukilirusha juu hata mara elfu kumi, halitazoea kupanda. Lakini mtu huzoea, na kwa kutenda haki huwa mwenye haki. Naye Mtakatifu Thomas wa Akwino aliona kwamba mwelekeo mwema wa asili pasipo busara ni kama farasi kipofu: kadiri anavyokimbia kwa nguvu ndivyo anavyojiumiza vibaya anapojigonga. Mwenye haraka ana kipawa, maana kazi nyingi zingelala bila yeye. Lakini asijidai kwamba aliumbwa kuwakatiza wengine maneno. Kuumbwa mwepesi ni jambo moja. Kutomsikiliza mdogo ni jambo alilojifunza, kwa kuwa hakuna aliyemkataza.

Wala wakubwa wa imani hawakuepukana na hukumu za haraka. Matendo ya Mitume yasimulia jinsi Paulo alivyokataa kumchukua Marko safarini kwa sababu aliwaacha huko Pamfilia, na jinsi yeye na Barnaba walivyotengana kwa ajili hiyo. Paulo alikuwa na sababu. Kijana alikuwa ameondoka kweli. Barnaba akamchukua. Miaka ikapita, na katika barua ya pili kwa Timotheo twamkuta Marko akiitwa aje, kwa kuwa afaa katika utumishi. Kama pasingalikuwa na Barnaba, neno la Pamfilia lingalibaki kuwa hulka yake.

Kwa mzazi aliyetuandikia twasema hivi. Mwanao hakukosa kazi kwa kuwa fungu lake halina kazi. Alipimwa kwa kipimo ambacho hakikufaa kutumiwa kwa shughuli ile. Asijifunze kudanganya katika karatasi ijayo, ingawa twajua kwamba wapo watakaomfundisha majibu yanayopendwa, na tena ya kulipia. Akiitwa mahali pengine, aeleze kwa mfano jambo alilolifanya pamoja na wengine: hesabu za chama fulani alizozisahihisha, kosa alilolivumbua, na jinsi alivyomwambia mkubwa wake. Lakini nawe, ndugu msomaji, utuwie radhi kwa swali moja. Barua yako yasema kwamba tangu utoto binti huyu "hasemi mbele ya watu." Alipokuwa mdogo, mezani pako, alipoanza kusema, alimaliza?

Nasi tumejiwekea jambo moja ofisini. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya tatu ya Kanuni yake, aliagiza abati awaite ndugu wote kwenye shauri lolote kubwa, kwa kuwa mara nyingi Bwana humfunulia mdogo lililo bora. Kwa hiyo kikao chetu cha Jumatatu sasa huanza na aliye mdogo kazini, na mhariri husema mwisho. Jumatatu ya kwanza hakuna aliyesema neno. Tuliketi dakika tano tukisikiliza feni. Ya pili mwanafunzi wa mafunzo alisema chai huchelewa. Ya tatu mpangaji wa kurasa akasema kwamba makala ya ukurasa huu huwa ndefu mno na vichwa vyake havina mvuto. Hatukulipenda neno hilo, na tuliona tayari ulimi ukiinuka. Makala haya yalipofika mezani pake yalikuwa na kichwa cha maneno tisa. Aliyabakiza mawili, akaongeza alama ya kuuliza.